Watafiti waulize nyumba nzima, si mgonjwa peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumzie jambo ambalo magazeti yetu hulipitia mara kwa mara lakini kwa haraka, yaani namna ulemavu na maradhi ya muda mrefu yanavyochunguzwa na kuelezwa yanapokuwa ndani ya familia, na namna mila zinavyobebeshwa lawama kabla mtu hajauliza swali la pili. Naandika kutoka Tanga, ambako nimefanya kazi ya utengemao katika jamii, yaani kuwasaidia wenye ulemavu wajimudu kwao, mpaka nikastaafu, na ambako hata sasa vijana wanaokuja na hojaji zao hunipitia niwasindikize mitaani, kwa kuwa wenyeji hawamfungulii mgeni mlango kirahisi anapotaka kuzungumzia mgonjwa wa ndani.

Wasomaji wenzangu wanaijua habari ya mtoto mwenye ulemavu aliyekutwa amefungiwa chumbani, maana huandikwa kwa mpango uleule kila inapotoka. Majirani wamenong'ona, mwenyekiti wa mtaa ameitwa, afisa ustawi wa jamii amefika, mtoto amepigwa picha, mama ameinamisha kichwa, na mwisho kiongozi aliyeombwa atoe neno ameitaka jamii iachane na mila potofu. Sikatai kwamba wapo watoto wanaoteswa, na wapo wazazi wanaostahili kufikishwa polisi. Ninachokataa ni kuuchukua mlango uliofungwa kuwa ushahidi wa imani za watu waliomo ndani, kwa sababu mlango hufungwa kwa mambo mengi, na mengi kati ya hayo hayahusiani na imani yoyote.

Nichukue nyumba moja ya Ngamiani, ambayo barabara yake sitaitaja, kwani barabara za Ngamiani zinaitwa kwa namba na aliyetaja namba amekwisha kutaja watu. Baba yuko dago, kambi ya wavuvi, dada mkubwa yuko shule, na mama huamka kabla ya adhana ya alfajiri kuchoma vitumbua, akaenda kuviuza kando ya barabara na kurudi kama saa nne. Mtoto wake wa kiume ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Kiwiliwili hakijimudu, na akiachwa huanguka ubavu. Kabla ya kutoka, mama humkalisha penye pembe ya chumba, ukuta upande huu na godoro lililokunjwa upande huu, akapitisha khanga chini ya makwapa yake na kuifunga kwenye tendegu la kitanda. Kisha humnywesha uji kijiko kwa kijiko huku amemshika kidevu, maana ukikimbizwa hupaliwa, na mlo mmoja huchukua karibu saa nzima. Akimaliza hutia komeo kwa nje, kwa sababu uani kuna jiko la mkaa na mbele ya nyumba bodaboda hazipunguzi mwendo.

Mwandishi akipita asubuhi hiyo ana habari yake kamili. Asichokiona ni kwamba mtoto huyohuyo anajulikana kwa jina barabara nzima, kwamba jioni hutolewa barazani na wenzake wakamchezea kete mbele yake, na kwamba alikuwa akipelekwa hospitali kwa mazoezi ya viungo wakati mama alipokuwa bado anaweza kumbeba kwa mbeleko. Baadaye akawa mzito, bajaji ikawa haina budi kila safari, na kiti cha magurudumu alichopewa kikavunjika gurudumu la mbele katika mchanga wa uchochoro. Fundi wa baiskeli alikigeuza huku na huku akasema tairi la kipimo kile hajapata kuliona. Anayetaka kujua ni lini mtoto huyu alianza kutoonekana nje, atalipata jibu kwenye kilo zake na kwenye nauli. Mpaka hapo mila haijatajwa na mtu yeyote wa nyumba ile.

Haya si mageni kwa wasomi. Mwanaanthropolojia wa Norway, Benedicte Ingstad, alifanya utafiti nchini Botswana miaka ya 1980 akifuatilia familia zenye watu wenye ulemavu, wakati ambapo ilikuwa imezoeleka kusemwa kwamba Waafrika huwaficha jamaa zao wa aina hiyo kwa kuona haya. Alizikuta kaya zikimtunza mtu wao kwa kadiri ya mikono na chakula vilivyokuwapo, na akafikia kuiita habari ya walemavu waliofichwa kuwa ni ngano, yaani hadithi tu. Hakusema kwamba hakuna aliyetelekezwa. Alitaka kutelekezwa kwenyewe kutazamwe pamoja na hali ya kaya: nani yuko nyumbani, nani amekwenda kutafuta kazi, nani amefariki na kuacha pengo. Kwa maoni yangu, ngano hii imedumu kwa sababu inawafaa watu wengi. Anayeomba fedha za mradi inampa sababu, na ofisi isiyopeleka huduma inapata wa kumlaumu, na mwandishi hupata kichwa cha habari bila kutoa jasho.

Takwimu nazo zina mkono katika suala hili. Sensa ya mwaka 2002 iliwaweka watu wenye ulemavu nchini kwenye takriban asilimia 2. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2008 ukatoa asilimia 7.8, sensa ya mwaka 2012 ikatoa asilimia 9.3, na ile ya mwaka 2022 ikatoa asilimia 11.2. Haiwezekani ulemavu uwe umeongezeka zaidi ya mara tano katika miaka ishirini bila nchi kutikisika. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na namna watu walivyoulizwa. Karani akiuliza kama humu ndani mna mlemavu, mkuu wa kaya humfikiria mtu asiyeona au asiye na mguu, na bibi asiyeweza tena kwenda msalani peke yake hamtaji, kwa kuwa kwake huyo amezeeka tu. Karani akiuliza kama yupo anayepata ugumu wa kuona hata akivaa miwani, wa kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana na wenzake, na kama ugumu huo ni wa kiasi, ni mkubwa au hawezi kabisa, bibi anaingia katika hesabu. Maswali ya namna hii yalienezwa na kundi la wataalamu wa takwimu liitwalo Washington Group, lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa mwaka 2001, na kuyatumia kwetu kumekuwa hatua nzuri.

Hata hivyo, takwimu hizo tatu za karibuni zinawahusu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea. Mtoto wa miaka mitatu asiyeshika shingo hayumo, na huo ndio umri ambao mama yake anahangaika zaidi, leo yuko zahanati, kesho kwa fundi wa dawa za miti, keshokutwa kwa mwalimu wa chuo cha Kurani asomewe. Tena hesabu inamshika mtu mmoja na kuwaacha waliomzunguka. Haiulizi ni nani aliyeacha kazi ili amkalie mgonjwa, ni binti gani aliyetolewa shule, wala ni ndoa gani iliyovunjika kwa sababu upande wa mume ulisema uzao wa upande wa pili una kasoro. Kwa utaratibu huo tunapata idadi nzuri ya watu wenye ulemavu, na hatupati hata mstari mmoja juu ya kaya zinazoishi nao.

Kuna pia namna swali lenyewe linavyofika mlangoni. Utafiti wa afya hauanzi hivihivi. Hutakiwa kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ambayo ina kituo chake hapa Tanga, inahusika na kazi hiyo. Barua hushuka kutoka mkoa mpaka wilaya, kata na mtaa, na ikifika mtaani mtafiti hupewa mjumbe wa kumwongoza. Utaratibu huo una sababu zake, lakini mjumbe akishafika haondoki, hukaa palepale akisikiliza. Mama aliyekorofishana naye kwa habari ya kiwanja hatasema mbele yake kwamba mwanawe huanguka kifafa, na mwenye binti anayetarajiwa kuchumbiwa hatasema kwamba mdogo wake amewahi kuugua akili.

Wengine hudhani wanaandikishwa TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini. Nakumbuka mzee mmoja wa Makorora aliyetufungulia mlango mwenyewe, akatuvutia viti na kwenda kutuletea maji, na alipoona kishikwambi kimetolewa akajibu kwamba kutembea hawezi kabisa. Msichana aliyekuwa akiuliza aliandika kama alivyoambiwa, na kwa kweli sikuona angefanya nini kingine. Mzee hakuwa mwongo. Alikuwa amejifunza kwamba watu wenye kishikwambi humsaidia asiyeweza na humpita anayejitahidi, na mtafiti asiyekaa mtaani siku za kutosha ili aondolewe dhana hiyo ataondoka na majibu yaliyolenga mfuko wa misaada.

Nikisema haya simaanishi kwamba utamaduni haumo. Umo sana, isipokuwa mara nyingi haukai pale unapotafutwa. Mfano ninaoupenda ni utafiti wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2008, uliolinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Wengi wangetarajia watu wa mjini, karibu na hospitali kubwa, waseme ni shinikizo la damu, na watu wa shamba waseme ni uchawi. Ilikuwa kinyume chake. Dar es Salaam ndiko kupooza kulikohusishwa zaidi na mashetani na uchawi, na ndiko wengi walikoanzia kwa mganga. Hai walizungumza zaidi juu ya shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na mawazo, na hospitali ndiyo iliyokuwa kimbilio la kwanza. Kote kuwili watu walichanganya tiba, ama moja baada ya nyingine ama zote kwa pamoja. Basi anayesema elimu na mji vitaziondoa imani zenyewe, na atueleze Dar es Salaam imekosa nini ambacho Hai inacho.

Kuchanganya tiba ni jambo la kawaida huku kwetu, na halina mgongano machoni pa wanaolifanya. Mtu mzima akipooza upande usiku, ndugu hukutana, na neno la kaka mkubwa au la mjomba ndilo linaloamua, hata kama anayemtunza mgonjwa ni mke au binti ambaye hakuulizwa. Mmoja atasema ni presha, mwingine atasema amepitiwa na upepo, na wote wawili watakubaliana kwamba apelekwe Bombo, hospitali ya mkoa wetu, na kombe nalo liandikwe. Mwalimu ataandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, ataziosha kwa maji na marashi ya waridi, na chupa italetwa wodini au nyumbani jioni. Daktari akisikia habari hiyo hukasirika, au huambiwa uongo ili asikasirike, na mazungumzo yanakwisha.

Hapa ndipo utafiti unaoijua nyumba ungeokoa maisha. Aliyepigwa na kiharusi mara nyingi hushindwa kumeza vizuri siku za mwanzo, na kinywaji chochote kinaweza kumpitia njia ya hewa kikaingia mapafuni na kumletea homa ya mapafu. Hatari hiyo haichagui kombe. Imo vilevile katika uji, katika maji ya matunda yaliyoletwa na shangazi kwa nia njema, na katika vidonge vinavyosukumwa kwa glasi ya maji mgonjwa akiwa amelala chali. Muuguzi anayejua kwamba chupa italetwa jioni, na anayezungumzia jambo hilo bila dharau, anaweza kuwaambia ndugu wasubiri mpaka umezaji uangaliwe, na wakati ukifika wamkalishe wima, waanze na kijiko kimoja, wasikilize kama anakohoa au sauti inakoroma. Maelezo hayo ni mafupi na hayamnyang'anyi mtu dini yake. Lakini hayatolewi, kwa kuwa anayeweza kuyatoa hajaambiwa na utafiti wowote kwamba chupa ipo.

Jirani zetu wa Bagamoyo wana funzo lao la miaka ya 1990. Watafiti waliokwenda huko kwa ajili ya malaria walikuta kwamba degedege la watoto lilihesabiwa kuwa maradhi mengine kabisa, yasiyo ndugu wa homa ya malaria, na tiba yake ya kwanza ilikuwa ya kienyeji. Kampeni inayomwambia mama kwamba malaria inaua ilikuwa ikisikika na kukubaliwa, ila haikumfikia usiku mtoto anapokakamaa na macho kugeuka, kwa sababu kwake hiyo haikuwa malaria. Mama yule hakuwa mzembe wala mshamba. Alikuwa na uainishaji wake wa homa, akaufuata kwa uaminifu, na hakuna aliyekuwa ameuzingatia kabla ya kuchapisha mabango. Ninalipa jambo hili uzito kwa sababu degedege lina mkia mrefu. Watafiti wa Kilifi nchini Kenya, upande wa pili wa mpaka, wameonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria kali ya ubongo hubaki na kifafa, udhaifu wa viungo, au matatizo ya kusema na kujifunza. Maradhi ya wiki moja yanageuka ulemavu wa maisha, na tafsiri iliyotolewa usiku wa kwanza ndiyo inayofuata: kama degedege lililetwa na kiumbe asiyeonekana, basi mtoto aliyebaki na mguu mzito naye anaachiwa kiumbe huyohuyo, na suala la mazoezi ya viungo halizushwi na mtu.

Niingie sasa katika jambo ambalo Tanga na pwani yote tunalijua kwa miili yetu, nalo ni busha na matende. Minyoo yake huenezwa na mbu. Nchi ilianza mpango wa kuyatokomeza mwaka 2000, na kingatiba imemezwa mwaka baada ya mwaka mpaka maambukizi yakashuka sana. Nilipokuwa kijana wazee wetu walisema busha linaletwa na kunywa madafu, na wapo waliolichukulia kuwa sehemu ya uzee, la kuvaliwa kanzu na kuvumiliwa. Tafiti nyingi zilizokuja ziliyanakili maneno ya madafu kwa furaha, na nakiri yanafurahisha kuyasoma. Ila mwanamume mwenye busha hakukaa mbali na hospitali kwa ajili ya madafu. Alikaa mbali kwa sababu ya haya ya kuvua nguo mbele ya muuguzi anayeweza kuwa binti wa jirani, kwa hofu kwamba upasuaji utamwondolea uwezo wa ndoa, na kwa hesabu ya wiki za kutofanya kazi ambazo hakuna wa kuzilipa. Upasuaji ulipoletwa karibu, kwa kambi maalumu zenye wahudumu wanaume, wazee waliokuwa wakinywa madafu yao kila siku walijitokeza.

Matende ni habari nyingine, kwani kidonge hakirudishi mguu uliokwisha kuvimba. Mguu huo hutakiwa kuoshwa kila siku kwa maji na sabuni, kukaushwa vizuri hasa katikati ya vidole na ndani ya mikunjo, kupakwa dawa penye michubuko, na kuinuliwa wakati wa kupumzika, ili mashambulizi ya homa na maumivu yapungue. Vipeperushi vinamwambia mgonjwa afanye hivyo. Mgonjwa mwenye tumbo na umri wake hawezi kuinama mpaka kwenye vidole. Anayeinama ni mke, na mke akifa ni mkwe, ambaye kwa adabu zetu kumshika mguu baba mkwe ni jambo zito. Nimeona nyumba ambamo kazi hiyo ilihamia kwa mjukuu wa kiume wa darasa la tano, ambaye aliifanya kwa kitambaa kilekile kila siku mpaka mhudumu wa afya ngazi ya jamii alipokuja kumfundisha kukausha kwa pamba, kidole kimoja baada ya kingine. Sijaona hojaji inayouliza nani anainama. Swali hilo moja lingetuambia kipeperushi kiandikwe kwa ajili ya nani.

Selimundu, maradhi ya damu ya kurithi, nitaigusa tu, ingawa inastahili barua yake. Mtoto huirithi kwa kupokea kinasaba kimoja chenye kasoro kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna anayebishana na hesabu hiyo katika vitabu, lakini kliniki anayeelezwa ni mama, kwa kuwa ndiye aliyemleta mtoto, na habari ikifika nyumbani kwa kinywa chake inapokewa kama utetezi wa mshtakiwa. Baba aitwe siku hiyohiyo, na ikibidi bibi mzaa baba naye aitwe, maana yeye ndiye atakayetoa hukumu.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi matatu, na la kwanza ni kwenu. Acheni kuchapisha sura za watoto wenye ulemavu kwa idhini ya mwenyekiti wa mtaa, ambaye hana mamlaka ya kuitoa. Tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kabla yake kulikuwa na sitara, ambayo kila aliyelelewa pwani amefundishwa. Mgonjwa wa ndani kuwekewa pazia si kufichwa. Wanawake huingia kumjulia hali, wanaume humsalimu kutoka barazani, na heshima yake inabaki. Picha ya gazeti inaondoa pazia hilo kwa watu wote mara moja na kwa daima, na mama akitoka kuuza vitumbua kesho yake atanunuliwa na watu wanaomtazama vingine.

Ombi la pili ni kwa taasisi zinazofanya utafiti, za hapa na za nje zinazoshirikiana nazo. Msimamizi anayepanga siku za kazi apange pia siku za kukaa bila kuuliza, na mahojiano juu ya mgonjwa yasifanyike mjumbe akiwa amekaa mkekani. Wahojiwe zaidi ya mtu mmoja katika kaya, kila mmoja kwa wakati wake, akiwemo anayeamua na akiwemo anayeinama, kwa sababu mara nyingi si mtu yuleyule, na mgonjwa mwenyewe asirukwe eti kwa sababu hasemi sawasawa. Nimewahi kuona kijana asiyesema vizuri akizungumziwa na watu watatu kwa muda mrefu, naye akisikia kila neno, na akajibu kwa kichwa pale tu mmoja wetu alipokumbuka kumgeukia.

La tatu linahusu matokeo. Watu wa mitaa yetu wametoa damu, wametoa mkojo, wamepimwa miguu, wamesimulia misiba yao, na wengi hawajarudishiwa hata neno la kilichopatikana. Ripoti huandikwa kwa Kiingereza, huwasilishwa kwenye hoteli, na nakala yake hukaa ofisini. Kurasa mbili za Kiswahili zingetosha, zikabandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na zahanati, zikasomwa katika mkutano wa hadhara na katika redio za hapa Tanga ambazo kila duka linazifungulia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya kijiji na mtaa. Hizo ndizo zikabidhiwe matokeo kwanza, zipewe nafasi ya kusema hapa mmepatia na hapa mmekosea, na marekebisho yao yaingizwe kabla ripoti haijapelekwa kwa mfadhili. Taasisi itakayokuwa tayari kuanza na mtaa wowote wa Ngamiani au Makorora, mimi na wenzangu tuliostaafu tupo kuwasindikiza, na hatutadai posho zaidi ya nauli.

Wenu katika ujenzi wa jamii,

Mtumishi mstaafu wa utengemao,
Ngamiani, Tanga